Mpya, Mjane na Mafuta ya Mbuzi

Siku ile tulikuwepo watano. Bwana Nasoro, mwenye kampuni yetu ya ulinzi, mtu wa mjini Moshi tangu babu yake, na kofia ya majani ambayo huivaa kila akitoka nje ya lami. Afande Joyce wa polisi, aliyekuja kwa sababu sheria haitaki risasi ilie bila jicho la serikali. Mzee Elifuraha, fundi wa bunduki, aliyenifundisha kazi. Godlisten, mdogo wangu wa mwisho, mlinzi, ambaye bunduki yoyote tungeichagua ingekwenda mikononi mwake. Na mimi, Aikande, mtunza ghala la silaha, ambaye mpaka leo nimestaafu sijaelewa sawasawa tulichofanya.

Ninawaandikia ninyi mnaobaki ghalani. Mtaulizwa siku moja, kama nilivyoulizwa mimi, bunduki ipi inunuliwe na hela ni chache. Ningependa kuwapa jibu. Nitawapa nilichoona.

Tulikuwa tambarare, ukishapita Himo, kwenye machimbo ya zamani ya kokoto ambako tuliruhusiwa kulenga shabaha. Ilikuwa kiangazi, na vumbi la kule halisubiri upepo, linanyanyuka lenyewe. Juu ya turubai zililala raifo mbili za nusu-otomatiki, yaani zile ambazo ukivuta kifyatulio risasi moja inatoka na inayofuata inaingia chemba yenyewe, huna haja ya kukoki tena. Moja ilitoka kwa muuza silaha, nyeusi, kitako cha plastiki, nyepesi kama debe tupu. Hiyo tuliiita Mpya. Ya pili ilikuwa na kitako cha mbao kilichong'aa kwa mikono ya watu. Ilikuwa ya mwindaji mmoja wa Rau aliyefariki, na mke wake ndiye aliyekuwa anaiuza, kwa vibali vyote. Hiyo tuliiita Mjane.

Sababu ya kuwa pale ilikuwa hii. Juu mlimani, karibu na msitu, kulikuwa na shamba kubwa la kahawa. Wezi walikuja kwenye ghala lake wakiwa na bunduki. Mlinzi wa kampuni nyingine alikuwa na bunduki kuukuu ya kukoki kwa mkono, ikakwama. Hakufa, lakini mkono wake wa kulia haukurudi kuwa mkono. Mwenye shamba akamwambia Bwana Nasoro: nitakupa kazi, ila nataka mlinzi mwenye raifo isiyokwama. Bwana Nasoro alikuwa na uwezo wa kununua moja tu. Na mlinzi aliyejitolea kwenda, kabla hata sijajua kama kuna kujitolea, alikuwa Godlisten.

Mzee Elifuraha alikuwa na namna yake ya kujaribu bunduki. Hakuifungua kwanza wala hakuisafisha. Aliichukua kama ilivyofika, akaitupia konzi ya vumbi, akampa mtu asiyejua kulenga. "Mlenga shabaha ataibembeleza," alisema. "Mpe anayeogopa. Usiku wa wezi, kila mtu ni anayeogopa." Kwa hiyo mlenga wetu alikuwa Bwana Nasoro.

"Mzee, mimi nina presha," alisema Bwana Nasoro.

"Ndiyo maana tumekuchagua, bosi."

Alipiga na Mpya akiwa amefumba macho yote mawili. Risasi zote zikatoka, moja baada ya nyingine, mpaka magazini ikaisha. Kokoto ziliruka kila mahali isipokuwa kwenye shabaha. Akachukua Mjane. Risasi ya tatu ikakwama, ganda likabaki limebanwa mlangoni kama mtu aliyegombania kutoka kanisani. Mzee akalitoa. Mbele kidogo ikakwama tena.

Niliona Mzee Elifuraha amekasirika, maana yeye alikuwa upande wa Mjane tangu alipoishika. Afande Joyce akafunga daftari lake, akasema, "Basi, si mmeshapata jibu?" Godlisten akaibusu Mpya kwenye kitako. Mimi nilimwangalia na nikashindwa kufurahi.

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo, la sivyo hamtaelewa kwa nini.

Wazazi wetu walifariki wakifuatana, mama kwanza, kabla sijamaliza shule ya msingi. Tulikuwa watoto watano, mimi wa kwanza. Godlisten alikuwa hajaanza kutembea. Baba mdogo alitaka kutugawa kwa ndugu kama vifaranga. Nikakataa, nikaacha shule, nikabaki kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo, na migomba na ng'ombe mmoja. Sikuwa na busara yoyote. Nilikuwa na kumbukumbu tu. Nilijaribu kufanya kila kitu kama nilivyomwona baba akifanya, na mdogo wangu akiuliza kwa nini, jibu langu lilikuwa moja: baba alifanya hivyo. Mbolea iwekwe upande huu wa mgomba, baba alifanya hivyo. Mbuzi akichinjwa mafuta yake yayeyushwe, panga jipya lipakwe na lining'inizwe juu ya moshi wa jiko, baba alifanya hivyo. Lilikuwa jibu zuri. Lilinyamazisha watoto wanne.

Walipokua kidogo niliteremka mjini, nikapanga chumba Pasua, nikauza ndizi, halafu nikaajiriwa kulinda lango la kiwanda cha mbao. Siku ya kwanza nilipewa rungu, filimbi na koti la mwanamume lililonifika magotini. Mlinzi niliyempokea zamu alinipa mafunzo yote ya kazi kwa sentensi moja: "Akija mwizi piga filimbi, akija bosi simama." Bosi alikuja. Nikapiga filimbi.

Bwana Nasoro hakunifukuza. Alisema afadhali anayekosea kwa kupiga kuliko anayekosea kwa kulala. Baadaye alihitaji mtu wa kukaa na silaha ghalani, mtu asiyekunywa, asiye na haraka na asiyependa bunduki. Asiyependa, alisisitiza. Nikapelekwa kwa Mzee Elifuraha nikajifunze.

Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba yake, na ilinukia mafuta ya mashine na chai ya tangawizi. Alikuwa wa upande wetu wa mlima, alimfahamu baba. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, akanipa bunduki iliyofunguliwa vipande vipande kwenye sinia, akaenda zake kukamua ng'ombe. Aliporudi nilikuwa sijagusa kitu.

"Mbona hujaiunga?"

"Sikuona ulivyoifungua, mzee."

Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema hilo ndilo jibu alilokuwa anatafuta, na kwamba wengi waliotangulia walilazimisha vipande mpaka wakavunja. Jibu langu hilo nilikuja kulikumbuka kwa uchungu baadaye, kama mtakavyoona.

Alichonifundisha kuhusu kuchagua silaha kwa hela ndogo ni hiki, na kwa hiki nina uhakika. Kwanza uliza risasi zake zinapatikana wapi. Bunduki nzuri ambayo risasi zake ni za kuagiza mbali ni rungu la bei mbaya. Kisha uliza vipuri, hasa springi na magazini, kwa sababu bunduki nyingi zinazosingiziwa kukwama kosa lake ni magazini iliyopinda midomo. Chungulia mtutu kwa mwanga, ukiona kutu ndani usidanganywe na rangi ya nje. Vuta kifyatulio ikiwa tupu, usikie kama kinakatika vizuri au kinajikokota. Kitasa cha usalama kikiwa kimefungwa, isikubali kulia hata ukiibembeleza. Usimalize hela zote kwenye bunduki. Bakiza za vifaa vya kusafishia na za risasi za mazoezi, maana mlinzi mwenye raifo ya kifahari ambayo hajawahi kuipiga ni mtalii. Na mwisho, ijaribu mahali itakapofanya kazi, mikononi mwa atakayeibeba.

Hilo la mwisho ndilo lililotupandisha mlimani.

Wiki ile Mzee Elifuraha aliichukua Mjane akaifungua na kuisafisha. Mpya haikuwa na haja, ilikuwa imeshinda. Lakini kwa utaratibu wa ghala letu mlinzi husafisha mwenyewe silaha atakayopewa, hivyo nilimkalisha Godlisten mezani kwangu aisafishe Mpya. Nilikuwa napokea simu na kuandikisha redio za zamu ya jioni. Nilimwona anafuta, anapaka, anafuta. Nilimwambia, "Godi, usiharakishe." Akasema, "Dada, naishughulikia kama bibi harusi."

Nilimwambia jambo jingine siku ile. Nilimwambia sitaki aende.

"Utalinda benki mjini, upo kivulini, unakunywa soda."

"Watu wanalinda kahawa ya mzungu, mimi nilinde soda?"

"Huyo si mzungu, ni mtu wa Dar."

"Dada," akasema, "kule ni kilima kimoja tu kutoka nyumbani. Mimi ndiye wa mwisho, kihamba cha baba ni changu kukitunza, wewe mwenyewe umesema. Nitakitunzaje nikiwa mjini?" Kisha akacheka ili nisikasirike. "Unachagua bunduki au unachagua mlinzi?"

Funguo za ghala zilikuwa kwangu. Silaha haikutoka bila mimi kukubali, hata Bwana Nasoro aliheshimu hilo. Nikisema bunduki zote mbili hazifai, Godlisten habebi kitu, haendi, na mkono wake wa kulia unabaki mkono. Nikisema moja inafaa kumbe haifai, nimempeleka mwenyewe. Nilikuwa nimemlea kwa uji na kumbeba mgongoni nikipalilia. Sasa nilitakiwa nimchagulie chuma.

Tulipanda asubuhi, watu wale wale watano, mpaka kwenye shimo la mawe ndani ya lile shamba la kahawa, mwenye shamba akiwa ameruhusu na Afande Joyce akiwa na karatasi zake. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya kahawa, na manyunyu yale ya mlimani ambayo huyaoni yakidondoka ila unakuta umeloa. Bwana Nasoro alikuwa amevaa sweta mbili chini ya kofia ya majani.

Godlisten alianza na Mpya, mpenzi wake. Risasi ya kwanza ikalia. Ya pili haikuingia. Akakoki kwa mkono, ikalia, ikakwama. Akakoki, ikakwama. Ilikuwa inatembea kama mtu mwenye baridi yabisi. Mzee Elifuraha akampa Mjane. Ikapiga zote, mfululizo, na sauti yake ikapanda bondeni mpaka mbega wakalia msituni.

Tukabaki tunatazamana.

"Kwa hiyo," alisema Bwana Nasoro, "ninunue zote mbili, moja ya kupanda na moja ya kushuka?"

"Labda Mpya haipendi baridi," alisema Afande Joyce.

"Afande, bunduki si mkwe wangu kwamba ina mambo inayopenda," alijibu Bwana Nasoro.

Mzee Elifuraha alikuwa ameshika kidevu. Alisema hajaelewa. Katika miaka yote niliyokaa naye sikuwahi kumsikia akisema hivyo, na nikaogopa kuliko nilivyoogopa ilipokwama. Wazo lilinijia, nalo halikuwa zuri: sasa naweza kusema zote hazifai. Tumeona wenyewe, moja imekwama chini, moja imekwama juu. Hakuna atakayenibishia. Nilifungua kinywa. Lakini mkono ulikuwa umeshaichukua Mpya, kwa mazoea tu, nikaifungua nikiwa nimeikinga manyunyu kwa koti.

Ndani kulikuwa na kitu cheupe. Kilikuwa kimeganda kwenye kila kona na kila springi, kama nta ya mshumaa. Nikakikwaruza kwa ukucha, nikanusa. Nilijua harufu ile kabla sijakubali kuijua.

"Godi. Hiki ni nini?"

"Mafuta, Dada."

"Mafuta gani?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Ya mbuzi. Ya yule tuliyechinja nyumbani. Nilikuwa nayo kwenye kikopo. Chombo kipya si kinapakwa?"

Bwana Nasoro akavua kofia, akamgeukia Godlisten. "Mangi, umeniletea bunduki au nyama choma?"

Afande Joyce alicheka mpaka akageuka pembeni. Chini Moshi, kwenye joto, mafuta yalikuwa laini na Mpya iliteleza vizuri mezani kwangu. Huku juu yaligeuka mshumaa. Mzee Elifuraha naye akapata jibu lake hapo hapo. Alisema Mjane alipoifungua aliikuta imejaa mafuta mazito ya mashine. Yule mama wa Rau alikuwa anaipaka kila Jumapili akitoka kanisani tangu mume wake afariki. Lile vumbi la tambarare lilinasa humo kama nzi kwenye asali. Bunduki zote mbili zilikuwa nzima. Zilikuwa zimetunzwa na watu wanaopenda.

Lakini hakucheka. Alimuuliza Godlisten, "Nani alikufundisha kupaka?"

"Dada."

Akanigeukia. "Na wewe?"

"Baba alifanya hivyo," nikasema. Lilitoka lenyewe, kama lilivyotoka maelfu ya mara.

Mzee alikaa juu ya jiwe. Aliongea taratibu, kwa Kichagga kwanza, kisha akarudia kwa Kiswahili kwa ajili ya wenzetu. "Baba yako alipaka, ni kweli. Panga likikaa bila kazi msimu wa mvua, alilipaka lisipate kutu. Na siku ya kulitumia alilifuta kwa jani kavu la mgomba mpaka ling'ae, kisha ndipo akalinoa. Mimi nilimkuta akifuta mara nyingi nikipita kwenda mnadani. Ila alifuta alfajiri. Ninyi mlikuwa mmelala."

Bwana Nasoro alirudisha kofia kichwani polepole.

Tuliifuta Mpya pale pale, kwa kitambaa na mafuta mepesi ya Mzee. Ikapiga zote. Mjane ikapiga zote tena. Sasa zilikuwa sawa kabisa, na tulikuwa gizani zaidi kuliko tulipoanza. Wakanitazama mimi.

Nikasema Mjane. Nilitoa sababu zangu: risasi zake zinapatikana, springi zake Mzee anaweza kuzitengeneza, na bei ya yule mama ilibakiza hela za risasi za mazoezi. Zote zilikuwa sababu za kweli. Nimezirudia mara nyingi kwa walinzi wapya. Lakini sijui kama ndizo zilizoniamulia. Huenda sikuweza kumpa Godlisten bunduki ambayo nilikuwa nimeona ndani yake nusu ya somo langu imeganda. Huenda niliona kwamba Mjane imepita mikononi mwa mtu anayeijua nusu nyingine, na hiyo ikanitosha. Na kwa nini sikusema zote hazifai, kama nilivyokusudia, hilo ndilo sielewi kabisa. Kinywa kilikuwa wazi. Nilimwangalia mdogo wangu, amesimama na kikopo chake cha mafuta mkononi, ana aibu, na nikaona kwamba amekwenda mlimani akiwa na kila kitu nilichompa. Kumrudisha mjini kusingeongeza kitu.

"Asante, Dada," alisema.

"Usinishukuru. Safisha."

Godlisten alilinda kahawa ile miaka mingi. Wezi hawakurudi. Labda walisikia habari za raifo, labda walihamia kwenye biashara nyingine. Mjane haikuwahi kulia kwa mtu hata mara moja, ililia kwenye mazoezi tu. Kwa hiyo mkiniuliza kama nilichagua bunduki ya kuaminika, sijui. Bunduki ambayo haijaulizwa swali huwezi kujua jibu lake. Ninamshukuru Mungu kwa kutojua huko, ingawa kwa mtunza ghala ni aibu kidogo kusema hivyo.

Mzee Elifuraha alifariki kabla sijapata ujasiri wa kumuuliza mengine. Nilikuwa na maswali tayari. Ile mbolea upande ule wa mgomba, ilikuwa mwaka mzima au kiangazi tu? Maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa, baba aliyamwaga yote pale mlangoni, au kidogo? Nimewalea wadogo zangu wanne kwa mambo ya namna hiyo. Wamejenga nyumba kwa mambo hayo, wameoa na kuolewa kwa mambo hayo, wanawafundisha watoto wao. Sijui ni yapi niliyaona mpaka mwisho na ni yapi yalimalizikia alfajiri nikiwa nimelala.

Kazini waliniaga kwa blanketi na chupa ya chai, na Bwana Nasoro akahutubia kuhusu nyama choma. Sasa naishi nyumbani mlimani. Ninakwenda kwa wazee wa rika la baba, waliobaki ni wachache, nawapelekea ndizi, nakaa. Namwuliza mmoja mmoja: baba alipomaliza kufanya hivi, alifanya nini baadaye? Mmoja anacheka, mwingine ananiita kwa jina la mama yangu, mwingine anasema ngoja nikumbuke, analala kitini.

Juzi nilimkuta Godlisten amenunua panga. Alikuwa amekaa jikoni na mafuta ya mbuzi, na mtoto wake anatazama. Alilipaka, akalitundika juu ya moshi. Nilimwambia mtoto, "Ukitaka kuona lililobaki, kesho kutwa amka mapema na baba yako."

Hilo moja nimelilipa. Yaliyobaki wadogo zangu hawajui hata kwamba wananidai.